Kutafuta viashiria vya ugonjwa ndani ya vifuko vya mkojo: mwongozo kwa wenzetu wa maabara Mtwara na Lindi

Kila siku tunamwaga mkojo mwingi. Tukishachovya dipstiki, kile kijiti cha kupimia mkojo, na kuhesabu mayai ya kichocho kwenye darubini, kilichobaki kinaishia kwenye sinki. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kukizuia kisimwagwe, kwa sababu ndani yake zimo habari za figo na kibofu ambazo dipstiki haizisomi.

Habari hizo zimebebwa na vifuko. Seli za figo, za mirija ya mkojo, za kibofu na, kwa wanaume, za tezi dume, hutema vifuko vilivyofungwa kwa utando wa mafuta. Vile vidogo vinavyoitwa eksosomu vina upana wa nanomita 30 hadi 150 hivi. Yai la kichocho lina urefu wa karibu mikromita 150. Kifuko kingekuwa punje ya mchele, yai lingekuwa mashua ya mita 9 iliyotia nanga Mikindani. Darubini yetu ya kila siku inaiona mashua. Mchele haiuoni kabisa.

Uzuri wa kifuko ni kwamba kinatoka na protini za seli iliyokitema. Akwaporini-2 inatoka kwenye mirija ya figo inayokusanya mkojo, podosini kwenye seli za kichujio cha figo, uroplakini kwenye ngozi ya ndani ya kibofu. Unapata habari za seli hizo bila kumchoma mgonjwa sindano ya kutoa kipande cha figo. Mwaka 2004 Trairat Pisitkun, Mark Knepper na wenzao kule Marekani walitoa orodha ya protini 295 kutoka kwenye vifuko vya mkojo wa binadamu. Mwaka 2009 maabara hiyohiyo ikafikisha 1,132. Tangu hapo watu wamezitafuta dalili za figo kuumia ghafla, za figo zenye uvimbe wa maji wa kurithi, za saratani ya kibofu na ya tezi dume.

Tatizo ni kwamba katika protini zote za mkojo wa mtu mzima wa afya, zilizo ndani ya vifuko ni kama asilimia 3 tu. Zilizobaki ni kelele. Na kelele huzidi sampuli ikikaa juani.

Niseme mapema ninachokiamini baada ya kuifanya kazi hii: utafiti wa namna hii hufaulu au hufa katika saa nne za kwanza baada ya mtu kukojoa. Mashine ya mamilioni itakayosoma protini iko mbali, lakini saa nne zile ziko kwetu, kwenye zahanati, kwenye deli la barafu na kwenye barabara ya vumbi.

Anza na swali ambalo dipstiki hailijibu

Wengi huanza na friza. Wanakusanya mkojo, wanaijaza, kisha wanauliza, "Sasa tutafute nini?" Hapo umeshachelewa.

Chukua mfano wetu wenyewe. Kichocho cha mkojo kipo kusini hii, na kukigundua hakuhitaji vifuko: dipstiki inaonyesha damu, na kuchuja mililita 10 za mkojo kunaonyesha mayai. Ukileta kipimo kipya cha bei kubwa kinachosema "huyu ana kichocho", umeleta tochi mchana. Lakini kuna jambo ambalo dipstiki na mayai havilisemi: nani kati ya hawa wenye mayai ameshaharibika ukuta wa kibofu, au figo zimeanza kujaa maji kwa sababu mrija umeziba? Leo jibu linatoka kwa altrasaundi, na altrasaundi haiko kila kijiji. Hilo ndilo swali la kupeleka kwenye vifuko.

Kwa swali hilo unahitaji makundi matatu: wenye mayai na madhara yameonekana kwa altrasaundi; wenye mayai bila madhara; na wasio na mayai kabisa. Kundi la pili ndilo watu hulisahau, nalo ndilo lenye thamani. Ukilinganisha wagonjwa na wazima peke yao, utapata protini mia zinazotofautiana, na nyingi zitakuwa zinakuambia tu kwamba kuna damu kwenye mkojo. Jambo hilo ulishalijua kwa kijiti cha dipstiki.

Makundi yafanane umri, jinsia na, ikiwezekana, kijiji. Usichukue wagonjwa wote bonde la mpunga na wazima wote mjini. Utakachokipima hapo ni maisha ya shamba dhidi ya maisha ya mjini.

Vibali, na bibi aliyeniuliza swali

Vibali sivirefushi: itifaki ipitishwe na kamati ya maadili, kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kiwepo, uongozi wa mkoa na wilaya ujulishwe, mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wapate barua yao kabla gari halijafika. Kama sampuli zitatoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe kabla, si wakati boksi limeshafungwa. Majina yabaki kwenye daftari lililofungiwa. Kwenye tyubu iandikwe namba tu.

Ridhaa ndiyo inayotaka muda. Siku moja upande wa Mtama bibi mmoja alisikiliza maelezo yetu yote, akashika kikopo, akakigeuzageuza.

"Mwanangu, huu mkojo mnakwenda kuuuza?"

"Hapana bibi. Hauuzwi."

"Kama hauuzwi, mbona mnauweka kwenye barafu kama changu?"

"Kwa sababu ileile ya changu, bibi. Ukiachwa juani unaoza kabla hatujausoma."

Akacheka, akaenda chooni na kikopo chake. Tangu siku hiyo maelezo yangu ya ridhaa yanaanzia kwa samaki, na naona watu wananielewa kuliko nilipokuwa naanza na neno "utafiti". Mweleze mtu pia kwamba majibu ya vifuko hatayapata kesho, pengine hatayapata kabisa, lakini majibu ya mayai atayapata leo na dawa ya prazikwanteli atapewa akiwa na kichocho. Kuchukua mkojo wa mwenye mayai na kumwacha aende bila dawa ni aibu, hata kama fomu imesainiwa vizuri.

Kukusanya

Chagua muda mmoja na ushikilie huohuo kwa watu wote. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo kwa swali letu muda huo unafaa, na mkojo mmoja utatumika kwa kazi zote mbili. Kwa utafiti wa figo peke yake, wengi huchukua mkojo wa kwanza au wa pili wa asubuhi.

Omba mililita 100 kutoka kwa mtu mzima. Kwa mtoto pokea anachotoa. Mkojo wa katikati, baada ya kumwaga ule wa mwanzo. Mama aliye kwenye hedhi mpangie siku nyingine. Chovya dipstiki papo hapo, uandike damu, protini, naitraiti na uzito wa mkojo. Yenye naitraiti iweke pembeni, kwa sababu bakteria nao wana vifuko vyao na vitaingia kwenye hesabu yako.

Andika tarehe. Hili linaonekana dogo, lakini pwani hii mwezi wa Ramadhani hubadilisha mkojo wa nusu ya kijiji: aliyefunga, mkojo wake wa mchana umekolea kama chai ya rangi. Ukikusanya wagonjwa Shaabani na wazima Ramadhani, utagundua protini za swaumu. Sisi tulisimamisha kazi mwezi mzima, na sijutii. Msimu wa korosho nao una yake; mtu aliyetoka kuokota tangu alfajiri hajanywa maji, na ukimkuta saa tano mkojo wake si ule wa jana yake.

Dakika ileile ya kupokea, tia vizuizi vya proteasi, yaani kemikali zinazozuia vimeng'enya visitafune protini. Mojawapo iliyozoeleka, PMSF, huharibika haraka ikiingia majini, kwa hiyo isichanganywe tangu asubuhi ikakungojea kwenye chupa. Itiwe wakati huohuo. Ni sumu pia. Vaa glovu, na vikopo vilivyotiwa dawa visikae karibu na watoto wanaosubiri zamu.

Kisha ingiza kwenye deli, kati ya vipande vya barafu vilivyoanza kuyeyuka. Usikiache kikopo juu ya meza "mara moja tu". Hapa Mtwara mara moja tu ni nyuzi 32.

Mzunguko wa kwanza

Ndani ya saa nne zile sampuli ipite kwenye sentrifuji, mashine ya kuzungusha tyubu, kwa nguvu ya g 2,000 (mara 2,000 ya mvutano wa dunia), dakika 15 hadi 20, ikiwa baridi kama mashine ina ubaridi. Lengo ni kuangusha seli, mayai, chembe za damu na bakteria. Unachohifadhi ni maji ya juu. Masimbi ya chini, yaani mashapo, yaache, na usiyavute kwa pipeti kwa tamaa ya mililita moja ya mwisho.

Angalizo kuhusu g. Watu huandika "tulizungusha 4,000" bila kusema 4,000 ya nini. Mizunguko kwa dakika haitoshi, kwa sababu sentrifuji ndogo na kubwa hazitoi nguvu sawa. Pima kwa sentimita kutoka katikati ya rota, kile kichwa kinachozunguka, hadi kitako cha tyubu, uzidishe na mizunguko iliyozidishwa kwa yenyewe, kisha uzidishe na 0.00001118. Rota ya sentimita 10 kwa mizunguko 4,000 inatoa g 1,789 hivi. Bado hujafika 2,000.

Mkojo ukiwa na damu ya kuonekana kwa macho, usijidanganye kwamba mzunguko umeiondoa. Seli zimeondoka, ila zile zilizopasuka zimeacha himoglobini, na chembe nyekundu nazo hutoa vifuko. Andika kiwango cha damu cha dipstiki ili baadaye ulinganishe wenye damu sawa kwa sawa.

Kugandisha, na sampuli 40 nilizopoteza

Gawa maji ya juu kwenye tyubu kadhaa ndogo, kila mtu angalau nne, uzigandishe kwa nyuzi -80. Si -20. Narudia kwa sababu nililipia somo hili. Katika kituo kimoja nilichofanyia kazi, friza ya -80 haikuwapo, tukaambiwa friza ya kawaida inatosha. Sampuli 40 zikakaa humo wiki tatu pamoja na chupa za maji za wafanyakazi. Tulipozipima kwa westani bloti, kipimo kinachoonyesha protini kama mistari, mstari wa TSG101, protini ambayo vifuko huwa nayo kwa kawaida, ulikuwa hafifu kama maandishi ya penseli yaliyofutwa kwa mate. Tulishakuwa na maandishi mbele yetu: tangu mwaka 2006 ilichapishwa kwamba -20 hupoteza sehemu kubwa ya vifuko, wakati -80 huvihifadhi karibu vyote, ilimradi sampuli itikiswe kwa nguvu baada ya kuyeyuka. Hatukuwa tumeyasoma.

Kutikisa huko ni kwa voteksi, mashine ya kutikisa tyubu, kwa bidii, si kugeuza tyubu mara mbili. Mkojo ukiganda na kuyeyuka hufanya utando mweupe kama maziwa yaliyoharibika, na vifuko vingi hunasa humo. Ukiutupa utando umevitupa.

Kama kituo hakina -80, usigandishe. Weka sampuli kwenye barafu, nyuzi 0 hadi 4, ziondoke siku hiyohiyo kwenda kwenye maabara yenye friza ya -80. Panga safari kabla ya kupanga kukusanya: kutoka Mtama unapita Mnazi Mmoja ndipo ushike njia ya Mtwara au ya Lindi, na dereva ajue kwamba hasimami kula njiani. Friza iwe na jenereta inayowaka yenyewe umeme ukikatika, na mtu mwenye jina lake anayehakikisha mafuta yapo. "Sote tunaangalia" maana yake hakuna anayeangalia.

Kuvitoa vifuko

Njia ya vitabuni ni sentrifuji ya kasi kubwa mno: kwanza g 17,000 kuondoa mabaki, halafu maji ya juu kwa g 200,000 kwa saa nzima, vifuko vishuke chini. Njia nzuri, kama unayo mashine.

Kuna njia nyingine ambayo mimi naipendelea kwa mazingira yetu, iliyoelezwa na Luca Musante na wenzake mwaka 2014. Unachukua utando wa dayalisisi, yaani wa kuchujia, wenye matundu ya kilodaltoni 1,000 (kipimo cha uzito wa molekuli zinazoweza kupita), unaufunga chini, juu unaunga faneli, unamimina mkojo uliokwisha zungushwa kwa g 2,000. Uzito wa mkojo wenyewe unasukuma maji, chumvi na protini ndogo kama albumini zitoke kwenye matundu. Vifuko vinabaki ndani. Ukishapungua hadi mililita chache, unaosha kwa kumimina maji safi ya maabara na kuacha yachuje tena. Haitaki umeme. Unaona kwa macho rangi ya njano ikitoka, kinachobaki kikififia. Mtu aliyewahi kukamua tui la nazi kwa kitambaa ataielewa haraka, isipokuwa hapa unachokitaka kimebaki kwenye kitambaa.

Kwa njia yoyote utakutana na uromodulini. Hii ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote kwenye mkojo wa mtu mzima; Igor Tamm na Frank Horsfall waliitenga mwaka 1950. Inajisuka kama wavu, wavu unakamata vifuko na kuvishusha navyo kwenye masimbi usiyoyataka. Dawa ya kawaida ni DTT, kemikali inayokata mafundo ya wavu. Loweka masimbi ya mzunguko wa g 17,000 humo, zungusha tena, uchukue vilivyoachiwa. DTT inanuka kama yai viza. Fungua madirisha, waambie na wenzako wa chumba cha pili.

Hakikisha una vifuko kweli

Usitume kitu ambacho hujakithibitisha. Miongozo ya jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vifuko, inayojulikana kama MISEV, toleo la karibuni la mwaka 2023, inataka uonyeshe mambo ya namna mbili: protini ambazo vifuko huwa nazo, kama CD9, CD63, CD81, ALIX au TSG101, na protini ambazo hazikutakiwa kuwapo, zinazoonyesha uchafu wa seli zilizopasuka, kama kalneksini. Kwa mkojo, pima pia albumini na uromodulini uone zimebaki kiasi gani. Picha ya darubini ya elektroni ni nzuri ukipata chuo cha kushirikiana nacho.

Pima na kreatinini, taka ya mwili inayotolewa kwenye mkojo, ya kila sampuli ili usahihishe tofauti ya mkojo mzito na mwepesi. Ila kreatinini inatoka kwenye misuli, na mtoto mwembamba wa miaka saba hana misuli ya mvuvi. Kwa hiyo linganisha watoto na watoto.

Safari ya kwenda kwenye mashine

Protini husomwa kwa spektrometa ya masi, mashine inayozitambua kwa uzito wa vipande vyake, baada ya kukatwakatwa na kimeng'enya cha tripsini. Kazi hiyo utaifanya kwa ushirikiano. Sampuli zisafiri kwenye barafu kavu, nyuzi -78.5, kwenye ndege barafu hiyo huandikwa namba UN1845, na sampuli za kundi B, yaani za uchunguzi zisizo za hatari kubwa, huandikwa UN3373. Boksi lisizibwe kabisa, maana barafu kavu inageuka gesi na gesi inahitaji pa kutokea. Kwa barabara kwenda Dar es Salaam, ongeza barafu ya siku moja zaidi ya unayodhani inatosha. Waliokuwa njiani Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga, wanajua kwa nini.

Usitume wagonjwa wiki hii na wazima wiki ijayo. Changanya makundi katika kila mzigo, na anayeendesha mashine asijue namba ipi ni ya nani. Mwambie mshirika wako pia atafute protini za minyoo, si za binadamu peke yake. Mnyoo wa kichocho hutoa vifuko vyake, na usipouweka kwenye orodha ya kutafutia, vipande vya protini zake vitapotea au vitabatizwa jina la binadamu.

Kusoma majibu bila kupumbazwa

Utaletewa jedwali lenye protini labda 1,000. Ukizipima moja moja kwa kipimo cha 0.05, yaani kukubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100, protini 50 zitaonekana "muhimu" kwa bahati tu, hata kama makundi hayana tofauti yoyote. Sahihisha kwa njia ya takwimu ya Benjamini na Hochberg, inayopunguza majibu ya bahati, au inayofanana nayo. Zitabaki chache. Zitazame kwa jicho la muuguzi: himoglobini na albumini zikiwa juu kwenye orodha, umegundua damu. Uroplakini au protini za ukuta wa kibofu zikipanda kwa wenye madhara na zisipande kwa wenye mayai bila madhara, hapo kaa kitako.

Kisha zichukue protini mbili tatu uzipime upya, kwa kipimo cha bei nafuu kama ELISA, kinachotumia kingamwili kukamata protini moja, kwa watu wengine kabisa. Si wale wale. Kwa wale wa mwanzo kipimo chako kitashinda siku zote, maana ndio waliokifundisha.

Fanya na hesabu ya kijijini kabla ya kutangaza. Tuseme kipimo kinakamata wagonjwa 90 katika 100, na kinawaacha wazima 90 katika 100. Kwenye kijiji cha watu 1,000, wenye madhara wakiwa 20, utawakamata 18. Lakini katika wale 980 wasio na madhara, 98 nao watakuja na jibu chanya. Watu 116 watapanda gari kwenda altrasaundi ili wapatikane 18. Uliza hospitali ya wilaya kama inawaweza hao 116, na uliza nauli analipa nani. Kama jibu ni hapana, rudi kwenye jedwali utafute protini ya pili ya kuambatana na ya kwanza. Tyubu mbili za kila mtu zibaki -80 kwa ajili ya raundi hiyo, na anayezifungua aandike jina lake na saa kwenye daftari.